Sekunde Tatu, Miaka Minane: Mhadhara juu ya Mazoezi ya Kila Siku

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alivuka mstari wa kumalizia marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha sambamba na Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha ya mstarini itazamwe ndipo bingwa ajulikane. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Siku zilizofuata tulisikia mengi kuhusu mita mia za mwisho: alivyokuwa nyuma, alivyochomoka, alivyomfikia mwenzake pale pale kwenye utepe. Yote ni kweli, na kila aliyetazama alikuwa na haki ya kuruka kwa furaha. Hata hivyo naona mita hizo mia ndizo zenye mafunzo machache zaidi katika habari nzima ya Simbu. Mafunzo yamo katika takwimu nyingine ambayo haikupigiwa vigelegele. Agosti 2017, jijini London, Simbu huyuhuyu alipata medali ya shaba ya dunia kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Kati ya shaba yake na dhahabu yake kuna sekunde 3 na miaka 8.

Najua barabara za London si barabara za Tokyo, wala joto la mji mmoja si la mwingine, na mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana kuliko kwa kushindana na saa. Kwa hiyo sisemi kwamba miaka minane ilimwongezea sekunde tatu tu. Nasema kwamba aliyeitazama saa peke yake asingeona maendeleo yoyote. Na aliyetazama nafasi zake angechanganyikiwa zaidi: wa tano katika Olimpiki ya Rio 2016, wa tatu London 2017, wa saba katika Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo 2021, wa 17 Paris 2024, wa pili Boston Aprili 2025, kisha wa kwanza duniani akiwa na miaka 33. Baada ya Paris, mtu mwenye busara za kawaida angesema kijana amekwisha, apewe heshima zake aende akapumzike. Miezi 13 baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Hoja yangu ni hii. Mazoezi ya kila siku hayamnunulii mtu ushindi. Yanamnunulia kuwapo. Yanamweka miongoni mwa wale wachache ambao kilomita ya 40 inawakuta bado wako kundini, mwaka huu na mwaka kesho na mwaka wa tatu yake, mpaka siku moja mambo yawaangukie upande wao. Sehemu tatu za mia za sekunde hakuna kocha anayeweza kuzifundisha. Ukitaka kuziita bahati, sitakubishia. Lakini bahati hiyo ilikuwa na watu wawili tu wa kuchagua kati yao, na kuwa mmoja wa wawili hao hakukuwa bahati hata kidogo. Nikiisema hoja hii kwa ufupi inaonekana rahisi. Ugumu wake unaonekana mtu anapouliza: mazoezi ya namna gani basi, na kwa nini kila siku?

Tumezoea kuwaambia vijana kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni methali nzuri, ila kwa mwanariadha ina upungufu mmoja: kibaba cha methali hakivuji, na mwili unavuja. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, kwa majuma matatu mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa juu kabisa wa miili yao kutumia oksijeni, ambao ndio kipimo kikuu cha pumzi ya mkimbiaji, ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walipimwa tena. Ikaonekana kwamba miaka 30 ya kuzeeka, kunenepa na kuhangaika na maisha ilikuwa imewapunguzia pumzi kidogo kuliko yale majuma matatu ya kitandani. Kisha wakapewa mazoezi yaliyopanda polepole kwa miezi sita, na pumzi waliyonyang'anywa na umri ikarudi. Kulazwa kitandani ni jambo la kupita kiasi, nakubali. Mkimbiaji aliye mapumzikoni huenda sokoni na kupanda ngazi kama watu wengine. Lakini mwelekeo ni uleule. Mwanariadha aliyenolewa vizuri akikaa majuma mawili hadi manne bila mazoezi, kushuka kwake kunapimika. Damu yenyewe hupungua wingi, na moyo husukuma kidogo kwa kila pigo.

Sasa tazama upande wa kujaza. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Marekani, John Holloszy, alichapisha matokeo ya panya waliokimbizwa kwenye mkanda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ndani ya misuli yao mitokondria, yaani vile viini vidogo vinavyochoma chakula kwa oksijeni ili kutoa nguvu, vilikuwa vimeongeza uwezo wao karibu maradufu. Ugunduzi huo ulifungua uwanja mzima wa utafiti, na kilichoonekana tangu hapo ni kwamba viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Wingi wa damu huongezeka katika siku na majuma. Moyo na misuli huchukua majuma na miezi. Kano na mifupa huja nyuma kabisa, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumizwa. Mtu ameanza mazoezi, baada ya mwezi na nusu anajisikia pumzi imefunguka, anaamini na miguu imefunguka pia, anaongeza kasi na umbali kwa pamoja, na kufikia mwezi wa tatu kisigino hakikanyagiki. Anakaa nje majuma sita. Alichojaza kwa jasho kinavuja akiwa amelala na barafu mguuni. Akirudi anaanza karibu na chini, na kwa kuwa ana haraka ya kufidia, anarudia kosa lilelile. Nchi zetu zina wakimbiaji wengi wa namna hii, wenye kipaji ambacho hakijawahi kupewa miezi 12 mfululizo isiyokatika.

Ndiyo maana nasema kipimo cha zoezi la leo ni kama linaruhusu la kesho. Ukiikubali kauli hiyo, picha ya bidii inabadilika. Chukua kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, ambako Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi yake chini ya Patrick Sang, mshindi wa fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ratiba ya kambi hiyo inajulikana na haina siri: Jumanne mizunguko ya kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kupandisha na kushusha kasi, na siku nyingine mwendo wa taratibu, mara nyingi asubuhi na jioni. Kwa wiki jumla hupita kilomita 200. Mgeni anayefika kutafuta maajabu hustaajabia Jumanne. Mimi ningemwomba aitazame Jumatano. Siku hiyo bingwa wa Olimpiki mara mbili huanza kwa mwendo ambao mkimbiaji wa kawaida wa mtaani angeweza kuongozana naye akipiga soga. Kipchoge mwenyewe amekuwa akieleza hadharani kwamba mazoezini hajikamui mpaka mwisho; cha mwisho anakiweka kwa ajili ya mashindano. Na ameandika kila zoezi daftarini tangu 2003, mwaka aliochukua ubingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa na miaka 18.

Daftari hilo lina habari ambayo wasifu wa kishujaa huiruka. Mwaka 2012 Kipchoge alishindwa kuingia kikosi cha Kenya cha Olimpiki ya London. Alikuwa na miaka 27, ana shaba ya Athens na fedha ya Beijing, na uwanjani vijana walikuwa wameanza kumpita. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Yaliyofuata mnayafahamu: dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna Oktoba 2019 katika mbio maalumu zisizohesabiwa kuwa rekodi, dhahabu ya pili ya Olimpiki Sapporo 2021, rekodi ya dunia ya 2:01:09 jijini Berlin mwaka 2022. Ninachotaka mkione ni kwamba mtu wa Hamburg hakuumbwa katika miezi michache iliyofuata kukosa London. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya siku za kawaida nyuma yake, na siku hizo hazikufutika kwa kuwa hazikumpeleka London. Zilibaki mwilini, zikatumika mahali ambapo hakuna aliyepanga zitumike.

Wala siku nyepesi si desturi ya Kaptagat peke yake. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, aliwachunguza wapiga makasia, wateleza theluji, waendesha baiskeli na wakimbiaji wa kiwango cha juu, akakuta jambo linalofanana sana katika michezo yote hiyo: takriban mazoezi manne kati ya matano hufanywa kwa mwendo mwepesi. Makocha wa nchi mbalimbali, wasiosoma vitabu vya wenzao, walifika mahali pamoja kwa kujaribu na kukosea. Anayekimbia kwa burudani hufanya kinyume: siku nyepesi anaikimbia kwa nguvu kwa sababu anaona aibu kupitwa, na siku ngumu inamkuta amechoka. Mwishowe siku zake zote zinafanana, nusu ngumu, nusu nyepesi, na haziendi popote.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la kipaji. Watu watasema Simbu na Kipchoge walizaliwa hivyo, na mazoezi ni kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa. Pingamizi hili lina nguvu kuliko wahamasishaji wanavyokiri. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, ulioongozwa na Claude Bouchard na kuchapishwa 1999, uliwapa mazoezi ya baiskeli yanayofanana watu 481 kutoka familia mbalimbali kwa majuma 20. Wapo walioongeza zaidi ya lita nzima ya oksijeni kwa dakika, na wapo ambao baada ya majuma yote hayo hawakuongeza karibu chochote. Watu wa familia moja walielekea kufanana, na watafiti wakakadiria kuwa karibu nusu ya tofauti hizo inatokana na familia. Anayesema yeyote anaweza kuwa bingwa wa dunia akijituma, basi, anawadanganya vijana. Lakini kuna nusu ya pili ya habari. Mwaka 2017 David Montero na Carsten Lundby waligawanya watu wenye afya katika makundi ya kufanya mazoezi mara moja hadi mara tano kwa wiki. Katika kundi la mara moja wengi hawakuonyesha mabadiliko. Katika makundi ya mara nne na tano kila mmoja alipanda. Wale ambao hawakupanda walipoongezewa vipindi viwili kwa wiki kwa majuma sita mengine, wote wakapanda. Kwa hiyo kipaji huamua dari, na sibishani na dari. Ila mtu anayefanya mazoezi mara moja kwa wiki hana njia ya kujua kama amegonga dari au bado yuko sakafuni.

Pingamizi la pili lina jina la kijana ambaye Afrika Mashariki bado inamlilia. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu maishani: Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, na Chicago Oktoba 8, 2023, ambako aliandika rekodi ya dunia ya 2:00:35. Wapi basi, mtu atauliza, subira ya miaka minane? Wapi siku nyepesi, ilhali kocha wake Gervais Hakizimana kutoka Rwanda alieleza kwamba wiki nyingine zilizidi kilomita 300? Nina majibu mawili, na la pili silipendi. La kwanza ni kwamba Kiptum hakutokea hewani. Alikuwa amekimbia nusu marathoni kwa miaka kadhaa kabla ya Valencia, na alianza kukimbia utotoni. Marathoni zilikuwa tatu, miaka ya mazoezi ilikuwa mingi. La pili ni kwamba kocha wake mwenyewe alikuwa na hofu. Alisema mwaka 2023 kwamba kijana akiendelea hivyo, baada ya miaka mitano atakuwa amekwisha, na kwamba alimshauri apunguze, naye hakutaka. Ajali ya gari ya Februari 2024 iliwachukua wote wawili, mkimbiaji na kocha, kabla hofu hiyo haijathibitishwa wala kukanushwa. Siwezi kumtumia marehemu kama ushahidi wangu, wala wa upande mwingine asimtumie.

Kuhusu dawa za kusisimua misuli nitasema machache. Kenya imeadhibiwa sana kwa ajili yake, na wapo waliofikia hatua ya kudhani kwamba mazoezi ni kifuniko tu cha sindano. Nyingi ya dawa hizo kazi yake ni kumwezesha mtu kubeba mazoezi mengi kuliko mwili wake unavyoruhusu, ama kwa kuongeza damu au kwa kuharakisha kupona. Hazichukui nafasi ya kazi ya kila siku. Zinaiba mapumziko yake. Ni uthibitisho wa kusikitisha kwamba hata mdanganyifu anajua ushindi unatoka wapi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la tumbo. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchimba mtaro kwa kibarua cha siku, na msichana anayechota maji kabla ya shule na kupika baada ya shule, tukiwahubiria mazoezi mepesi ya asubuhi na jioni tunawafanyia dhihaka. Siku nyepesi inahitaji chakula. Mapumziko yanahitaji mtu mwingine afue na kupika. Ukiwatazama mabingwa wetu kwa makini utaona kwamba karibu kila mmoja ana taasisi nyuma yake iliyomlipia siku zake za kawaida. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Polisi, jeshi na magereza ya Kenya yamelea wanariadha kwa vizazi. Shule ya Mtakatifu Patrick ya Iten ilimpokea mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Colm O'Connell, aliyekuja kufundisha jiografia bila ujuzi wowote wa riadha. Alikaa miongo kadhaa, na mikononi mwake akapita David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 katika Olimpiki ya London 2012. Mchango mkubwa wa O'Connell ulikuwa kutoondoka. Uvumilivu tunaousifu kwa mkimbiaji mmoja mmoja unahitaji kwanza uwe wa ofisi, wa shule, wa bajeti.

Hapo ndipo sisi Watanzania tunapojikwaa, na tunalo hata jina la kosa letu: maandalizi ya zimamoto. Mashindano yanakaribia, majina yanaitwa, kambi inafunguliwa, vijana wanapewa posho, viatu na wali wa kutosha, na baada ya majuma machache wanapanda ndege. Kwa yote niliyoeleza juu ya damu, moyo na kano, kambi ya namna hiyo haiwezi kumjenga mtu. Muda wake unatosha kumchosha tu. Nchi yetu ina medali mbili za Olimpiki katika historia yake yote, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Bayi alikuwa ameshaandika rekodi ya dunia ya mita 1,500, 3:32.16, huko Christchurch mwaka 1974, miaka sita kabla ya medali hiyo, na mwaka 1976 alikosa Olimpiki kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Hata fedha ile, kwa hiyo, ilikuwa ya mtu aliyeendelea kuwapo baada ya nafasi yake bora kupita.

Naomba basi jambo moja kwa wenye mafungu ya fedha, wa vyama vya riadha, wa wizara na wa majeshi. Msiulizwe mmepeleka wanariadha wangapi na wamerudi na nini. Muulizwe ni vijana wangapi waliofanya mazoezi miezi 12 bila kukatizwa na njaa, jeraha au kukosa kocha, na muwe na daftari la kuonyesha. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles inafunguliwa Julai 14, 2028. Kambi yake ifunguliwe wiki hii, na siku ya kwanza iwe ya mwendo mwepesi.